Mlango Wako Mwenyewe: Wiki ya Meli Ghuba kwa Msee wa Bedspesi

Ukiishi bedspesi Dubai, kitu unamisinga kushinda zote ni mlango. Mlango wako, wenye ukishafunga hakuna msee anaingia saa tisa usiku akitafuta chaja. Kejani kwetu Satwa tuko wanane kwa chumba moja, vitanda za juu na chini, kila mtu na pazia yake, choo ni ya foleni. Shifti hazilingani. Huyu anatoka jikoni ya hoteli akinuka mafuta, yule anavaa yunifomu ya usoja. Taa haizimwi, usingizi ni wa kuibia ibia.

Naanza na hiyo ju ndio hesabu nilitumia kuamua kama meli ya starehe iko na maana kwa mtu wa hustle. Wazungu wakishuka kwa hizo meli wanalia ati kabini ya ndani ni ndogo, haina dirisha, inakufinya. Kweli dirisha haina. Lakini iko na godoro safi, shawa yako, choo yako, eisi unaseti vile unataka, na mlango wenye funguo yake ni kadi iko kwa mfuko yako. Kwa meli nyingi hiyo chumba huwa kitu mita mraba 14 hadi 17. Satwa hapo wangepanga watu sita. Sisi tulilala wawili, na mimi nilijiskia mtu.

Rada ya hizi meli iko hivi. Baridi ikishika Ulaya, kuanzia Novemba hadi kitu Machi ama Aprili, kampuni kubwa zinaleta meli zao huku kwenye jua. Zinachapa raundi ya wiki moja: Dubai, Abu Dhabi, Doha, zingine zinaongeza Bahrain na kisiwa cha Sir Bani Yas, zingine zinapita Mlango wa Hormuz mpaka Muscat. Hizi ni meli kubwa maze. MSC Euribia, yenye imewahi kufanya msimu huku, ikijaa inabeba zaidi ya abiria 6,000. Wakati wa Kombe la Dunia ya 2022 Qatar ilihitaji vitanda za ziada, ikaleta meli tatu, MSC World Europa, MSC Poesia na MSC Opera, zikafungwa bandarini Doha, mashabiki wakalala kwa makabini. Wakenya kibao walikua Doha hiyo time wakichapa usoja. Beshte wangu wa Kayole alikua mmoja wao. Kila asubuhi akitoka shifti ya usiku anaona hizo meli zimewaka mataa, na yeye anarudi kambi kulala kwa kitanda ya juu. Akajiapia kuna siku atalala ndani ya hiyo kitu. Alipohamia Dubai tukaanza kuchanga pamoja, mdogo mdogo, kila mwisho wa mwezi.

Sasa tubonge doo, ju hapa ndio wasee wengi huchomeka.

Bei unaona kwa tangazo ni ya mtu mmoja, lakini imepigwa hesabu mkiwa wawili kwa chumba. Ukienda solo, kampuni nyingi zinakutoza kitanda ya pili hata kama imebaki tupu, na inaeza fika bei mara mbili kabisa. Kuna kampuni ziliamua kujenga makabini ya mtu mmoja. Meli ya Norwegian Epic ilianza kazi 2010 na vyumba 128 za hivyo, kila moja kama mita mraba 9. Lakini huku Ghuba usitegemee hiyo, tafuta beshte mnaelewana. Sisi kabini ya ndani ilitutoka kitu dirham elfu mbili kila mtu, yaani kama thao sabini za Kenya. Hapo ndani kuna kitanda, kumanga kwa bafe na kwa mkahawa mkubwa, shoo za usiku, dimbwi la kuogelea, na kusafirishwa kutoka nchi hadi nchi ukiwa umelala. Piga hesabu ya hoteli ya kawaida Dubai wakati wa msimu, bila chakula, halafu uniambie.

Shida ni zile zinafuata. Kwa kampuni zingine hata maji ya chupa mezani unalipia. Soda, kahawa ya mashine, juisi, zote zinasoma kwa ile kadi ya mlango, na ju hautoi noti mkononi hauskii uchungu mpaka usiku wa mwisho. Waifai ya meli ni ya kununua kando. Na simu yako, ukisahau kuizima mtandao, meli ikiingia bahari kuu inashika mnara wa setilaiti wa meli yenyewe na unaeza malizwa na bili ya dakika chache. Weka simu kwa modi ya ndege kabla meli iondoke, uache hivyo. Sisi tulinunua waifai ya siku moja tu, ya kuongea na wazazi, na hizo siku zingine tukakaa bila. Nilishangaa vile hiyo ilinipumzisha.

Safari za kushuka bandarini pia ni mtego. Kampuni inakuuzia basi ya kuzunguka mji kwa bei imesimama, na mji wenyewe uko hapo tu. Abu Dhabi, msikiti wa Sheikh Zayed kuingia ni bure, unabuku mwenyewe kwa simu na unavaa nguo za heshima. Doha, kutoka bandari ya zamani unafika Souq Waqif kwa teksi kidogo tu, na Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, ile jengo ya msanifu I. M. Pei ilifunguliwa 2008, unaiona kutoka melini. Hizo pesa za basi tuliziweka kwa kitu ingine nitaeleza.

Lakini kitu ya maana kabisa, yenye ningetaka kila msee ashike kabla ya kulipa, ni hii: nunua mahali, usinunue jina la kabini.

Watu wanapenda neno balkoni. Wanaona picha ya manzi na kikombe mbele ya bahari, wanaongeza doo. Msee mmoja tunajuana alichukua balkoni, akapewa ya sakafu iko chini tu ya dimbwi. Kabla jua litoke wafanyakazi wanaosha sakafu na kukokota viti, krrr, krrr, juu ya kichwa yake. Alilala vibaya kutushinda sisi wa ndani, na alikua amelipa karibu mara mbili. Meli nzima ni chuma, sauti inatembea. Ukikaa chini ya jikoni unaskia troli. Ukikaa juu ya ukumbi wa densi unaskia besi mpaka saa nane. Mbele kabisa ya meli kuna mnyororo wa nanga na injini ndogo za kuisukuma kando ikifunga bandarini, alfajiri zinakuamsha na kishindo. Nyuma kabisa kuna mtetemo wa propela.

Kwa hivyo fungua ramani ya sakafu za meli, ziko bure kwa intaneti, utafute kabini yenye iko katikati ya meli, sakafu za chini chini, na juu yake na chini yake kuna makabini mengine. Katikati ni poa pia kwa tumbo. Meli ikipigwa na mawimbi inainuka mbele na kushuka nyuma, na ile sehemu ya katikati ndio inasonga kidogo zaidi. Ukipanda sakafu za juu unayumba zaidi kwenda kando. Meli ziko na mapezi ya chuma chini ya maji ya kuzuia kuyumba, na Ghuba yenyewe haina kina, wastani ni kama mita 35, lakini winta kuna upepo wa shamal kutoka kaskazini magharibi, na ukivuma utaujua.

Kuna tiketi ya bei ya chini yenye kampuni ndio inakuchagulia kabini. Ni deal fiti ukiwa hauna presha na usingizi wako ni mzito. Mimi sikuikubali. Mtu mwenye amekua akilala kwa kelele mwaka mzima alipe hiyo tofauti kidogo achague namba yake. Na kabini ya dirisha lenye halifunguki, kwa maoni yangu, ndio mbaya kuliko zote kwa bei: unalipa zaidi, hewa haiingii, na bandarini unaangalia makontena. Kama uko na doo ya balkoni na utakaa pale nje kweli, chukua balkoni. Kama hauna, shuka moja kwa moja ndani, uweke hiyo chenji kwa mfuko.

Ndani kwenyewe kulikua aje? Unachomeka kadi kwa ukuta, taa zinawaka. Vitanda mbili zimeunganishwa kuwa moja, unaomba zitenganishwe na zinatenganishwa siku hiyo hiyo. Chini ya kitanda kuna nafasi ya mabegi, ukishazisukuma huko chumba inafunguka. Kuta ni za chuma, na beshte wangu alikua amebeba sumaku za kulabu, tukaning'iniza taulo, kofia na nguo za kazi zenye alikataa kuacha Satwa. Soketi ni chache na waya za kuongeza soketi mara nyingi zinakatazwa, wanazichukua mlangoni ju ya moto. Beba chaja yenye iko na mashimo mengi ya simu. Shawa ni kadogo, ukiinua viwiko vyote unagusa ukuta, lakini maji ni moto na yana nguvu. Choo inavuta na hewa, ukibonyeza inapiga kelele fupi kali, siku ya kwanza inakushtua.

Halafu unazima taa. Giza ya kabini ya ndani ni giza kamili, haujui kama ni saa sita ya mchana ama ya usiku. Wengine inawatisha. Dawa yake ni hii: ile TV iko na chaneli ya kamera ya mbele ya meli. Unaiacha hapo bila sauti, usiku inakua nyeusi, asubuhi inaanza kuwa ya kijivu, halafu ya machungwa, hapo unajua jua limetoka. Hiyo ndio dirisha yetu. Usiku wa kutoka Hormuz shamal ilivuma, na hanga za kabati zikaanza kugongana, ting, ting, ting. Beshte aliamka akazifunga zote na soksi moja. Akarudi kudoze, na mimi nikabaki nikiskiza injini kwa mbali, sauti moja haibadiliki, na hakuna mtu mwingine kwa hiyo chumba. Nililala masaa kumi. Mwili ulikua unadai.

Kabini yetu ilikua inashughulikiwa na kijana wa Indonesia. Anapita mara mbili kwa siku, asubuhi anatandika, jioni anabadilisha taulo. Siku ya tatu tulibonga na yeye pale kwenye korido. Kontrakti yake ni miezi nane. Mtoto wake alizaliwa akiwa baharini, amemuona kwa simu. Tukamuuliza analala wapi, akaonyesha chini na kidole. Chini ya laini ya maji, chumba ya wawili, kitanda ya juu na chini, pazia. Mimi na beshte tuliangaliana. Huyo msee ni mwenzetu kabisa.

Ndio maana niko na msimamo mkali kuhusu bakshishi. Kampuni nyingi zinaweka chaji ya huduma kwa akaunti yako kila siku, kulingana na kampuni inaeza kua kitu dola 12 hadi 20 kwa kila mtu. Kwa zingine unaruhusiwa kuenda mapokezi uitishe itolewe. Kuna wasee wanafunzana hiyo kama ujanja. Mimi naikataa. Ukisave zaidi ya dola 80 kwa wiki kwa kunyima mtu mwenye anakusafishia choo, haujaomoka. Ile pesa hatukulipa basi za kuzunguka miji ndio ilienda huku, chaji yote, na bahasha kidogo mkononi mwake siku ya mwisho. Iweke kwa bajeti kabla haujabuku. Ikikosa kutoshea, ngoja mwezi mwingine.

Na kama wewe ndio unataka kuchapa hiyo kazi, skiza vizuri. Kuna Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, umeanza kutumika 2013, na Kenya imeuridhia. Unasema baharia apate angalau masaa 10 ya kupumzika kila siku. Unasema pia ajenti hawezi kukutoza ada ya kupewa kazi. Vitu unalipia wewe ni pasi yako, kitabu cha baharia na cheti cha daktari. Msee akikuitisha laki mbili ati akuweke kwa meli, huyo ni mwizi. Enda kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya uangalie kama hiyo ajensi iko na leseni. Vijana wa Pwani na Nairobi wameliwa sana na hizi stori, na inaniuma.

Muscat ndio siku nilipenda zaidi. Meli inafunga Bandari ya Sultan Qaboos, pale Mutrah. Ndani ya bandari hauruhusiwi kutembea, kuna basi ya bure hadi getini, halafu ni miguu tu ukifuata bahari mpaka soko. Tulikua tumesimama kwa duka ya ubani tukibonga Sheng yetu, mzee wa kanzu na kofia akainua kichwa.

“Karibuni wanangu. Mwatoka wapi?”

“Shikamoo mzee. Tumetoka Nairobi,” beshte akajibu, na Sheng ikapotea kwa mdomo yake papo hapo.

“Marahaba. Kaeni kitako, mnywe kahawa.”

Amezaliwa Unguja. Familia yake iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, yeye akiwa mtoto mdogo. Tulikunywa kahawa na halua, akatuuliza tumekuja na nini, tukamuonyesha ile meli nyeupe juu ya paa za maduka.

“Sisi tulikuja na jahazi,” akasema. “Siku nyingi baharini. Tulilala juu ya majamvi, mama katufunika kwa kanga. Nyinyi mna vitanda?”

Tukamueleza kabini, shawa, mlango. Aliskiza yote kwa makini, hakucheka. “Basi laleni vyema,” akasema. “Kazi mkirudi mtaikuta.” Ubani alitupimia, na bei ikashuka bila sisi kuomba.

Kuna kitu moja lazima niseme ju niliona watu wengi wakiichezea. Kabla meli iondoke kuna zoezi la usalama, unaonyeshwa jaketi na mahali pa kukutana. Fanya na akili yako yote. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na kuna abiria walikua wamepanda siku hiyo hiyo na hawajapitia zoezi bado. Tangu 2015 sheria ya kimataifa inataka lifanyike kabla ya kuondoka ama mara tu meli ikitoka. Sisi ni watu wa nchi yenye imezika zaidi ya watu 270 waliokufa feri ya Mtongwe ikizama 1994. Jaketi si kitu ya kupigia picha.

Sasa, kama bado unajiuliza kama utaweza kulala kwa chumba ya meli, Dubai kuna njia ya kujaribu bila kusafiri. Queen Elizabeth 2, ile meli ya Uingereza ilianza safari 1969, imefungwa bandarini Mina Rashid na tangu 2018 ni hoteli. Vyumba zake ni zile makabini za zamani zimefanyiwa ukarabati. Lala usiku mmoja, uskie kuta za meli zikoje.

Na kabla ya kulipa kampuni yoyote, uliza visa ya kila nchi kwa njia, kwa maandishi, ukitaja pasi ya Kenya na kazi yenye iko kwa kitambulisho chako cha makazi. Sheria za bandari moja si za ingine, zinabadilika, na ukizuiwa kupanda siku ya safari mara nyingi pesa hairudi. Hakikisha likizo yako imesainiwa. Usikope kwa hii kitu hata kidogo. Ni ya kuchanga.

Vedikti yangu: kwa msee mwenye anaishi peke yake kwa keja yake, kabini ya ndani ni wiki ya kawaida na chakula mingi. Kwa mtu wa bedspesi, ni mapumziko ya bei poa kuliko yoyote nimepata tangu nifike Ghuba, na bei yenyewe hushuka Januari wageni wa mwaka mpya wakisharudi kwao. Anza kuchanga sai. Angalia ramani ya sakafu kabla ya picha, tenga pesa ya bakshishi siku unabuku, na mkiwa wawili chagueni kabini ya katikati, chini, yenye imezungukwa na makabini.